Viluwiluwi kwenye Matuta: Wakulima wa Mjini na Vita vya Malaria Dar es Salaam

Katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, linalopita Jangwani jirani na Kariakoo, maji ya ardhini yako karibu. Mkulima wa matembele huinua matuta ili mizizi isioze, na kati ya tuta na tuta hubaki maji yaliyotulia, yanayopigwa na jua. Hapo ndipo mbu wa malaria, anofelesi, hupenda kutaga.

Vita dhidi ya malaria mjini humo ni vya zamani. Enzi za utawala wa Wajerumani, mwanasayansi Robert Koch aliuchunguza ugonjwa huo mwaka 1897 na 1898, na mwaka 1901 daktari Hans Ollwig akaanza kuwapima wakazi damu na kuwapa kwinini. Baadaye watawala Waingereza walichimba mitaro, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi kuitenga Kariakoo na mji wa kibiashara, kwa hoja ya afya. Katika mipango hiyo mkazi Mwafrika alihesabiwa kuwa chanzo cha ugonjwa, si mtu wa kushirikishwa kuupiga vita. Dharau hiyo iliunyima mji macho ya watu walioyajua madimbwi yake kuliko daktari yeyote.

Baada ya uhuru, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na ugumu wa maisha wa miaka ya 1980 viliongeza bustani mabondeni. Mradi wa kudhibiti malaria uliofadhiliwa na Japani, 1988 hadi 1996, ulisafisha mitaro na kunyunyiza dawa. Ulipokwisha, mitaro mingi iliziba tena.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2004, mpango wa jiji wa kudhibiti malaria ulipoanza katika kata 15, Buguruni na Mchikichini zikiwemo. Wakazi wa mitaa yenyewe walifunzwa kuchora ramani za nyumba kumi kumi na kukagua kila dimbwi, bustani zikiwemo. Walichota maji kwa upawa na kuwatazama viluwiluwi: wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, ilhali wa kuleksi, mbu wa aina nyingine, huning'inia kichwa chini. Kwa jicho lililozoea, hilo latosha.

Mwaka 2006 kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, zilianza kuwekewa Bti, bakteria anayeua viluwiluwi bila kudhuru mboga, samaki wala binadamu. Mkulima hakulazimika kuvunja tuta lake. Penye majani mengi zilirushwa kwa mkono chembe za magunzi ya mahindi zilizobeba dawa; penye maji wazi lilitumika bomba la mgongoni. Kazi ilirudiwa kila wiki, kwani siku chache zinatosha kiluwiluwi kuwa mbu. Uchambuzi wa takwimu za 2004 hadi 2008 ulionyesha kuwa uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 21 palipowekwa dawa.

Mwaka 2015 kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kilizinduliwa Kibaha, na baadaye Tanzania ikaanza kujitengenezea dawa za aina hiyo.