Jinsi kitufe cha "Hapana" kilivyopotea kwenye kompyuta

Mwezi Aprili 2016, mtangazaji wa hali ya hewa wa kituo cha televisheni cha KCCI, mjini Des Moines katika jimbo la Iowa, Marekani, alikuwa hewani moja kwa moja akiwaonyesha watazamaji ramani yake. Ghafla kisanduku kikachomoza juu ya ramani, kikipendekeza kompyuta ya kituo ihamie Windows 10. Mtangazaji alitania kidogo, akaendelea na kazi. Watazamaji wengi hawakuhitaji kuelezwa kile ni kitu gani, maana kilikuwa kikiwafuata majumbani na ofisini tangu mwaka uliotangulia.

Miaka 20 na ushei kabla ya hapo, watu ndio walioifuata Windows. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Agosti 1995 yalikuwepo maduka yaliyofungua milango saa sita usiku, na wateja wakapanga foleni kuinunua Windows 95. Kule Redmond, makao makuu ya Microsoft, mchekeshaji Jay Leno alisimama jukwaani pamoja na Bill Gates, na kampuni ilikuwa imenunua haki ya kutumia wimbo wa Rolling Stones kwenye matangazo. Aliyenunua toleo la disketi alirudi nyumbani na disketi 13, akakaa mbele ya mashine akizilisha moja baada ya nyingine. Kazi ilichosha, ila ilikuwa ya hiari. Asiyetaka aliipita rafuni akaenda zake, na kompyuta yake haikumuuliza neno.

Huku kwetu hiari hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi. Mtu alibeba mashine yake hadi Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, fundi akatoa CD ya kuchoma, "akapiga Windows", na mambo yakaisha hapo mpaka mashine ianze tena kukwama. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilidumu hivyo miaka na miaka. Masasisho ya kupitia mtandaoni yalikuwa ndoto kwa wengi, kwani hadi nyaya za baharini zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilitegemea zaidi setilaiti na bei yake ilikuwa kali.

Kilichobadilisha mambo ni virusi. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea duniani kikizizima na kuziwasha upya kompyuta za watu. Kilichouma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo: Microsoft walishatoa kiraka cha kuziba tundu lile mwezi Julai, ila wenye kompyuta hawakukiweka. Oktoba mwaka huohuo kampuni ikapanga viraka vitoke Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu unaoendelea hadi leo. Mwaka uliofuata, kifurushi cha pili cha marekebisho ya XP kikaanza kumsukuma mtumiaji aache kompyuta ijisasishe yenyewe.

Hapo sina ugomvi na mtu. Anayedhani viraka ni usumbufu mtupu akumbuke Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka chake nacho kilikuwa kimetoka tangu Machi.

Ila kiraka ni kitu kimoja na toleo jipya ni kingine. Kiraka huziba tundu na kukuachia mashine uliyoizoea. Toleo jipya hubadilisha sura ya kioo, huhamisha vitufe, hudai kumbukumbu zaidi, na pengine huifanya printa yako isitambulike. Kwa miaka mingi watumiaji walikuwa na uwezo wa kulikataa, na waliutumia. Vista ilipofika Januari 2007 ikiwa nzito, na vifaa vingi vikiwa havina programu za kuviendesha, makampuni yalikaa na XP. Hata wauzaji wa kompyuta wakalazimika kuendelea kuwapa wateja XP. Microsoft walisikia, na mwaka 2009 ikaja Windows 7. Mwaka 2012 Windows 8 ikaondoa kitufe cha "Start" pale pembeni, watu wakagoma tena. Mwaka mmoja baadaye kitufe kikarudi, ingawa menyu yake kamili ilisubiri hadi Windows 10.

Hiyo Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, bure kwa mwaka mzima kwa wenye Windows 7 na 8.1. Microsoft walikuwa wametangaza lengo la kufikisha vifaa bilioni 1 ndani ya miaka miwili hadi mitatu, na lengo la namna hiyo halifikiwi kwa kusubiri watu waamue. Basi toleo jipya likapitishwa kwenye njia ileile ya viraka. Nembo ndogo ikajipachika karibu na saa, chini kulia. Kisanduku kikaja na vitufe viwili: hamia sasa hivi, au hamia usiku huu. Februari 2016 toleo likapandishwa daraja na kuwa sasisho "linalopendekezwa", kwa hiyo kompyuta iliyopangwa kupokea masasisho ya aina hiyo ikaanza kulipakua bila kusubiri ruhusa nyingine.

Kisha ikaja ile X nyekundu. Tangu enzi za Windows 95, kubonyeza X kwenye kona ya juu kulia kumemaanisha kitu kimoja: funga, sitaki. Kwenye kisanduku cha majira yale ya 2016, tarehe ya kuhama ilikuwa imeshapangwa, na aliyebonyeza X alihesabiwa kuwa ameiafiki. Ni kama fundi uliyemwachia ufunguo arekebishe kitasa, halafu ukaamka ukakuta amebadilisha na makochi. Kati ya ghadhabu zote za miaka hiyo, naona hii ndiyo iliyostahili kabisa, maana iligusa ishara ambayo hata mtoto anayejifunza kompyuta huitegemea.

Mwenye wakala wa safari mmoja huko Sausalito, California, alifika mahakamani akidai kompyuta yake ya kazini ilijihamisha bila idhini yake, ikawa nzito na kukwama kila mara. Mahakama ya madai madogo ikampa dola 10,000. Microsoft walikata rufaa, wakaiacha, wakalipa. Mwishoni mwa Juni X ikarudishiwa maana yake na kitufe cha kukataa kikawekwa wazi. Baadaye mwaka huo mkuu wa masoko wa kampuni, Chris Capossela, alikiri hadharani kwamba walivuka mpaka.

Ndani ya Windows 10 yenyewe, mwenye toleo la nyumbani hakuwa na kitufe cha kukataa masasisho. Matoleo makubwa yalikuja mara mbili kwa mwaka, yakila bando. Kwenye steshenari ya jirani na chuo, ambako mwanafunzi amekuja na flashi kuchapisha kazi ya kukabidhi mchana huo, asilimia zinazopanda taratibu kwenye kioo cha buluu zinaweza kumkosesha mwenye duka kipato cha asubuhi nzima. Oktoba 2018 sasisho moja lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, likasimamishwa siku chache baada ya kutoka. Ni mwaka 2019 tu ndipo watumiaji wa nyumbani walipopewa njia ya kuahirisha masasisho, siku saba kwa awamu, zisizozidi 35.

Oktoba 2021 ikaja Windows 11, na safari hii mlango ukafungwa kwa upande wa pili. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, hivyo kompyuta nyingi zilizosukumwa kwa nguvu kuingia Windows 10 zikaambiwa hazifai kuendelea. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikakoma kupata viraka vya kawaida. Anayetaka kuongezewa mwaka mmoja nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya anatakiwa alipe dola 30, au ahifadhi mipangilio ya mashine yake kwenye akaunti ya Microsoft, au atumie pointi 1,000 za mpango wao wa zawadi. Nchi za eneo hilo zimepewa bure, baada ya watetezi wa walaji huko kulalamika.