Mke wa Mtu Hapewi Nyumba

Januari 1966, Wangari Muta, binti wa Nyeri mwenye umri wa miaka 25, aliripoti kazini katika chuo kikuu kishiriki cha Nairobi akiwa na barua yake. Barua ilimwahidi kazi ya msaidizi wa utafiti, idara ya zoolojia, naye alikuwa ametoka Marekani na shahada mbili za biolojia. Profesa aliyeiandika akamjibu kwamba nafasi imeshapewa mtu mwingine. Baadaye Wangari hakumung'unya maneno: alinyimwa kwa kuwa ni mwanamke, na kwa ajili ya kabila lake.

Kupunjana kwa asili ya mtu hakukuwa jambo geni Kenya. Enzi za ukoloni, Mwafrika katika utumishi wa serikali alipangiwa tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Tume ya Holmes ya 1948 iliubariki utaratibu huo, na tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyoufuta. Kwenye karatasi, basi, rangi ya ngozi iliondoka katika hesabu za mishahara kabla ya uhuru. Jinsia ilibaki, na walioilinda sasa walikuwa wenyeji wenyewe.

Aliyemwokoa Wangari ni Mjerumani, Profesa Reinhold Hofmann, aliyemchukua katika idara mpya ya anatomia ya mifugo. Wanafunzi wake, karibu wote wanaume, walimtilia shaka mpaka aliposahihisha mitihani yao. Mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo.

Hata hivyo, shahada haikumpa nyumba. Mhadhiri wa kiume alistahili makazi ya chuo, bima ya matibabu na pensheni. Mwanamke alipewa nyumba akiwa hajaolewa au akiwa mjane. Akiolewa, nyumba yake ni kwa mumewe. (Mume asipokuwa na nyumba je? Kanuni haikusema.) Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya wakadai haki sawa. Wanawake wengine waliokuwa pamoja nao walirudi nyuma mmoja mmoja, baadhi kwa shinikizo la waume zao.

Chuo kiliwakubalia hao wawili tu. Katika kumbukumbu zake, *Unbowed*, Wangari anaeleza kwa dhihaka kwamba walifanywa kama maprofesa wanaume wa heshima. Huo ulikuwa ujanja wa utawala: mkaidi hulipwa anyamaze, kanuni ikabaki palepale kwa wengine.

Alipanda hadi kuwa mkuu wa idara mwaka 1976, na profesa mshiriki mwaka uliofuata. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akaenguliwa kwa hoja ya uandikishaji wa wapigakura. Alipoomba kurudi kazini, aliambiwa nafasi imeshajazwa. Kisha akatakiwa kuihama nyumba ya chuo.