Ugonjwa wa Parkinson: Ushiriki katika utafiti na haki za mshiriki

Mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata akiwa ameketi, anayetembea kwa hatua fupi fupi na ambaye uso wake umepoteza bashasha, mara nyingi huambiwa kuwa huo ni uzee tu. Yamkini ni ugonjwa wa Parkinson, ambao tabibu Mwingereza James Parkinson aliueleza katika maandishi yake mwaka 1817.

Ugonjwa huu hutokea pale chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo, zinapokufa kidogo kidogo. Dawa ya levodopa hupunguza dalili, lakini hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya. Tumaini limo katika utafiti, na utafiti hauwezekani pasipo watu wanaokubali kushiriki.

Mfano mmoja unatoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi 161,071 na kuwabaini wagonjwa 33. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na tabibu yeyote kwamba wana maradhi hayo.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2023. Wanasayansi wa Nigeria, Uingereza na Marekani walichunguza taarifa za watu karibu 198,000 wenye asili ya Afrika. Wagonjwa walikuwa 1,488 tu. Waliosalia walikuwa watu wasio na ugonjwa huo, waliohitajika kwa ajili ya ulinganisho. Katika kinasaba kiitwacho GBA1 yaligunduliwa mabadiliko ambayo ni nadra sana kwa watu wa asili ya Ulaya. Aliyeyarithi kwa mzazi mmoja ana uwezekano wa kuugua wa takriban mara moja na nusu ya mtu asiye nayo. Aliyeyarithi kwa wazazi wote wawili, takriban mara tatu na nusu. Hata hivyo, wengi wanaoyabeba hawaugui kamwe. Tafiti zilizowahusisha Wazungu pekee zisingeweza kuyagundua.

Tafiti ni za namna mbili. Zipo za uchunguzi, ambamo mshiriki huulizwa maswali, hupimwa mwendo au hutoa sampuli ya damu au mate. Yapo pia majaribio ya tiba, ambamo washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu: baadhi hupewa dawa mpya, wengine kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa, au tiba ya kawaida. Mara nyingi mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepata nini, ili matarajio yao yasipotoshe matokeo.

Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka mshiriki atoe ridhaa kwa hiari baada ya kuelezwa lengo na madhara yanayoweza kutokea. Utafiti wenyewe sharti uwe umepitiwa na kamati ya maadili. Ikiwa fomu imeandikwa kwa lugha usiyoifahamu vyema, omba ufafanuzi kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Unaweza pia kuomba muda wa kushauriana na jamaa zako. Unaweza kujitoa wakati wowote, na kujitoa huko hakupaswi kukunyima matibabu yako ya kawaida.

Yapo maswali ya kuuliza mapema. Sampuli yangu itahifadhiwa wapi, na je, itapelekwa nje ya nchi? Nani atanitibu nikipata madhara? Dawa ikithibitika kufaa, nitaendelea kuipata baada ya jaribio kumalizika? Mtafiti mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Anayeahidi uponyaji na kudai malipo ili akuingize katika jaribio ni wa kutiliwa shaka.

Mgonjwa asiache ghafla levodopa kwa sababu ya kutaka kujiunga na utafiti, kwani kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha. Badiliko lolote la dawa lipitie kwa daktari wake. Kwa yule ambaye bado hajapimwa, hatua ya kwanza ni kufika kituo cha afya na kueleza dalili zote, badala ya kuuachia umri lawama.