Salamu Zilizopita Sayari



Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili visivyo na mtu ndani, Voyager 1 na Voyager 2. Mwaka 1979 vilipita karibu na Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, vikapiga picha za volkano zikiwaka katika mwezi wake mmoja. Voyager 2 kiliendelea hadi Neptune mwaka 1989. Navyo vingali vyaenda mbali.

Kila chombo kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55. Kiganda cha jirani zetu kimo. Kiswahili hakimo.

Sisi wa Thika na Ruiru twasikia uchungu kidogo. Hatusemi kwamba tulichukiwa. Kusahauliwa kwatosha kumwacha mtu nje.

Lakini tujiulize. Miji yetu imejaa watu waliokuja kufanya kazi viwandani na katika mashamba ya kahawa: Wakamba, Waluhya, Wajaluo na wengine. Mara ngapi tumeendesha ibada kwa Kikuyu tangu mwanzo hadi mwisho, mgeni akakaa kimya kama bubu? Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake.

Jumapili hii, kabla ya wimbo wa kwanza, tumgeukie aliye kando yetu, tumwulize kwao husalimianaje. Vyombo vile havitarudi kuchukua salamu zetu. Jirani yupo hapa.

Bwana awabariki.