Fuvu la Sabinyo na Kazi ya Kusafisha Mifupa

Mwanzoni mwa karne ya ishirini mji wa Bujumbura, ukiitwa Usumbura, ulikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, na ndipo ilipoanzia habari ya fuvu moja. Mkuu wa kituo hicho, Kapteni Robert von Beringe, aliondoka Agosti 1902 kwenda Rwanda, na tarehe 17 Oktoba, kwenye mlima Sabinyo, msafara wake uliwapiga risasi sokwe wawili wakubwa walioporomokea korongoni, akaopolewa mmoja tu kwa kamba. Wakati wa kurejea Usumbura fisi alikula ngozi na kiganja kimoja, hivyo kilichofika Berlin kilikuwa fuvu na sehemu ya mifupa, ambayo Paul Matschie aliitumia mwaka 1903 kumpa mnyama huyo jina la Gorilla beringei.

Kwa mtaalamu wa kujaza ngozi ili mnyama aonekane kama yu hai, hasara hiyo ilikuwa kubwa. Kwa elimu ya uainishaji ilikuwa ndogo, maana meno, mataya na tuta la mfupa la utosini, ambapo hushika misuli ya kutafuna, ndivyo vinavyopimwa.

Lakini ili fuvu lipimike, sharti lisafishwe kwanza. Porini, desturi ya wakusanyaji wa enzi hizo ilikuwa kuchuna kichwa, kukwangua nyama kwa kisu, kutoa ubongo kupitia tundu la kisogoni, yaani pale uti wa mgongo unapoungana na fuvu, kisha kukianika kivulini. Usafi kamili uliachiwa makumbusho. Huko fuvu kubwa hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa wiki kadhaa mpaka bakteria wamalize nyama, njia yenye uvundo usiovumilika lakini isiyodhuru mfupa; au hupewa mbawakawa walao nyama kavu, ambao mabuu yao hupenya hata ndani ya pua bila kuvunja vifupa vyembamba. Kuchemsha ni haraka, na ndiko kunakoharibu zaidi: meno hupasuka, maungio hulegea, na mafuta huzama ndani ya mfupa, yakaja kujitokeza baadaye kama madoa ya manjano. Mafuta hayo huondolewa kwa kuloweka upya katika maji ya sabuni au kiyeyushi, wakati mwingine kwa miezi. Haidrojeni peroksaidi huja mwisho, nayo hung'arisha tu. Fuvu ambalo halijatolewa mafuta litarudia umanjano wake hata likipakwa mara ngapi.