Maji, taa na mavuno: historia ya uchawi wa kazi katika michezo ya kuigiza wahusika

Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa michezo yote ya mezani ya kuigiza wahusika, ulitolewa Januari 1974 na kampuni ndogo ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiigiza mtu wa nchi ya kubuni, awe mpiganaji, kuhani au mchawi, na mara nyingi dadu ndizo zinazoamua kama atafaulu au atashindwa. Kuhani na mchawi hutumia manuizo, yaani maneno ya kichawi ambayo yakishatamkwa jambo hutendeka. Yaliyovuma zaidi ni manuizo ya vita, kama lile la kurusha mpira wa moto. Hata hivyo, tangu toleo la kwanza yalikuwemo manuizo ya maji, chakula na mwanga, na ni hayo yaliyowalazimisha waandishi wa kanuni kujibu swali la uchumi: kazi ikiweza kufanywa kwa neno, ujira wake ni kiasi gani, na nani anaweza kuulipa?

Kisima cha kuhani

Katika kanuni za 1974, kuhani wa ngazi ya chini aliweza kusafisha chakula na maji yaliyoharibika. Akipanda ngazi, aliweza kuumba maji ya kuwatosha watu kumi na wawili na farasi wao kwa siku nzima, na baadaye chakula cha kiasi hicho hicho. Manuizo haya yaliwekwa kwa ajili ya safari ndefu za mapangoni, lakini kijiji chenye ukame kingeyahitaji kuliko msafiri yeyote.

Kilichoyazuia yasigeuze dunia nzima ni kanuni ya kumbukumbu, ambayo Gygax aliichukua kwa mwandishi Jack Vance na kitabu chake The Dying Earth cha 1950. Nuizo hukaririwa kichwani, na likishatamkwa husahaulika mpaka likaririwe upya. Kwa hiyo kila mchawi alikuwa na idadi maalumu ya manuizo kwa siku. Kiuchumi, huo ulikuwa uhaba uliopangwa: kuhani mmoja hawezi kunywesha mji.

Nuizo la mwanga wa kudumu halikufungwa na uhaba huo. Likitamkwa mara moja, jiwe hung'aa usiku na mchana bila mafuta. Mchawi mmoja mvumilivu angeweza kuangaza mitaa yote ya mji, na wauza mienge wakakosa kazi. Toleo la pili la kanuni, la 1989, lilijaribu kuweka mpaka kwa kueleza kwamba mwanga huo hula polepole kitu ulichowekwa juu yake, ingawa huchukua muda mrefu sana.

Kufagia, kushona, kutia chumvi

Mwaka 1978 kampuni ya Chaosium ilitoa RuneQuest, mchezo uliotungwa na Steve Perrin na wenzake katika dunia ya Glorantha ya Greg Stafford. Huko uchawi mdogo haukuwa mali ya wasomi wachache. Mpiganaji wa kawaida naye alijua kunoa upanga au kuponya jeraha kwa nuizo, na vikundi vya ibada viliyafundisha kwa malipo ya fedha. Hivyo elimu ya uchawi ikawa bidhaa yenye bei, kama ufundi wowote.

TSR nayo ilishuka hadi jikoni. Katika kitabu cha Unearthed Arcana cha 1985, Gygax alikusanya manuizo madogo ya wanagenzi: kusafisha, kukausha, kupangusa vumbi, kushona, kung'arisha, kutia chumvi, kutia utamu, kupasha moto, kupoza. Mengine yalikuwa kinyume chake, kama kuchachusha maziwa au kufumua mshono. Hapo mchezo huo ulimwonyesha mchawi kabla hajawa mkubwa, akiwa mwanagenzi anayemfanyia mwalimu wake kazi za nyumbani. Kwa anayetaka kujua dunia hizo zinaishije, orodha hiyo ina thamani kubwa kuliko nuizo lolote la moto.

Kila nuizo na bei yake

Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka 1997 na kutoa toleo la tatu mwaka 2000. Toleo hilo liliweka bei kwa hesabu: ngazi ya nuizo mara ngazi ya mchawi mara sarafu 10 za dhahabu, na kwa manuizo madogo kabisa, ngazi ya mchawi mara sarafu 5. Kibarua asiye na ufundi alilipwa sarafu moja ya fedha kwa siku, na sarafu kumi za fedha ni sawa na moja ya dhahabu.

Hesabu hizo zinaeleza mengi. Nuizo dogo la kuumba maji, litamkwapo na kuhani wa ngazi ya kwanza, hutoa galoni mbili, takriban lita 7.5. Bei yake ni sarafu 5 za dhahabu, yaani ujira wa kibarua wa siku 50. Mwenge usiozimika uliuzwa kwa sarafu 110 za dhahabu, kwa kuwa nuizo lake sasa lilidai unga wa yakuti wenye thamani ya sarafu 50. Kwa fedha hizo mtu angenunua mienge ya kawaida 11,000. Uchawi ulikuwepo, lakini maskini aliendelea kuchota maji kisimani na kulala gizani.

Kwa wakulima mambo yalikuwa tofauti. Nuizo la kukuza mimea liliongeza mavuno kwa theluthi moja kwa mwaka mzima, katika eneo la duara lenye nusu maili kutoka katikati hadi ukingoni, yaani zaidi ya hekta 200. Bei yake ya chini ilikuwa sarafu 150. Ngano iliuzwa ratili moja kwa sarafu moja ya shaba, kwa hiyo ongezeko la kilo 34 hivi kwa hekta lilitosha kurudisha gharama. Wanakijiji wakichanga kwa pamoja, uchawi huo uliwalipa.

Palipokuwa na mwanya, wachezaji waliupata. Nuizo la ukuta wa chuma lilizalisha zaidi ya tani 10 za chuma kwa mara moja, na chuma kilikuwa na bei sokoni. Marekebisho ya 2003 yaliufunga mwanya huo kwa kutamka kwamba chuma hicho hakifai kufulia vitu vingine wala hakiuziki.

Nauli ya uchawi

Katika michezo ya kompyuta inayochezwa na wengi mtandaoni, bei za huduma kama hizo hazikuandikwa na mtunga kanuni. Zilipangwa na wachezaji wenyewe. EverQuest, uliofunguliwa Machi 1999, ulikuwa na dunia ya Norrath ambako safari kwa miguu ilichukua muda mrefu na ilikuwa ya hatari. Wachawi na madruidi (makuhani wa maumbile) waliokuwa na manuizo ya kuhamisha watu papo hapo walitoza nauli, na wengine waliuza nuizo la kuongeza kasi ya miguu. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova alikadiria pato la Norrath kwa kila mkazi kuwa dola 2,266 za Marekani, kati ya Urusi na Bulgaria.

Oktoba 2002 nyongeza ya mchezo iitwayo Planes of Power iliwapa wachezaji njia ya bure ya kuvuka kutoka mji hadi mji. Biashara ya nauli iliporomoka, kama inavyotokea pale huduma ya umma inapochukua nafasi ya mlanguzi.

Uchawi kama kiwanda

Mwaka 2002 Wizards of the Coast iliomba mapendekezo ya dunia mpya, ikapokea zaidi ya 11,000. Lililoshinda ni Eberron la Keith Baker, lililochapishwa 2004. Humo koo 13 zimegawana uchumi wa bara: Lyrandar huamuru mvua na kuendesha merikebu za angani, Orien husafirisha mizigo kwa reli ya radi, Sivis hupeleka ujumbe, Jorasco hutibu, Cannith hutengeneza bidhaa. Mafundi wenye manuizo machache huwasha taa za mitaani kwa ujira. Uchawi mdogo umeenea, na uchawi mkubwa ni adimu.

Toleo la tano, la 2014, liliruhusu manuizo madogo kutamkwa bila kikomo, hivyo fundi aweza kuunga vyombo vilivyovunjika kutwa nzima. Kuumba maji, hata hivyo, kuliondolewa katika kundi hilo na kuwekewa idadi kwa siku. Nuizo la mimea, likifanyiwa kazi kwa saa nane, sasa huzidisha mavuno mara mbili kwa mwaka.

Katika miaka hiyo yote waandishi wametumia vizuizi vilevile vinne: idadi kwa siku, gharama ya malighafi, bei ya huduma na marufuku ya kuuza. Pasipo vizuizi hivyo, dunia ya mchezo haina soko wala mafundi. Kwa hiyo anayebuni dunia yake aanze na maji, taa na mavuno, aamue nani anavilipia, kisha ndipo afikie vita.