Ukunga kwa njia ya simu wakati wa kafyu ya corona

MJA MZITO anayeshikwa na uchungu usiku Ziwa la Ng'ombe, eneobunge la Nyali, akihitaji kufikishwa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi huiita Makadara, hana budi kuvuka Daraja la Nyali hadi kisiwani. Siku za kawaida safari hiyo ni ya tuktuk au teksi ya jirani.

Mwaka wa 2020 haikuwa hivyo. Serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha corona nchini mnamo Machi 13, na kuanzia Machi 27 ikaweka kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo ya kwanza polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi abiria waliokuwa wakingojea feri Likoni. Ambulensi ziliruhusiwa kupita, lakini ni dereva yupi wa tuktuk angethubutu kutoka?

Ndipo simu ikapata kazi mpya. Aprili mwaka huo jijini Nairobi, Dkt Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea utaalamu wa uzazi, alianzisha mpango wa Wheels for Life. Mama alipiga nambari 1196 bila malipo, akazungumza na daktari. Aliyekuwa hatarini alitumiwa ambulensi. Mwenye uchungu wa kawaida alitumiwa teksi yenye kibali cha kutembea usiku.

Uamuzi huo hutegemea maswali machache: mimba ina miezi mingapi, uchungu unarudi baada ya muda gani, chupa imevunjika, mtoto anacheza, mama aliwahi kufanyiwa upasuaji?

Mengine simu haiyawezi. Haipimi shinikizo la damu wala mkojo, na haiusikizi moyo wa mtoto. Shinikizo linaloleta kifafa cha mimba laweza kupanda mama akijihisi mzima kabisa, hivyo kliniki haiwezi kufutwa yote. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2016 hupendekeza mama aonane na wahudumu angalau mara nane. Ushauri wa lishe na maandalizi ya kujifungua waweza kutolewa kwa simu, vipimo haviwezi.

Huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health hutumia arafa. Mama huuliza swali bila malipo, hata kwa Kiswahili, na ujumbe unaoashiria hatari hutangulizwa ili ahudumiwe haraka. Haihitaji intaneti wala rununu ya bei ghali.

Kikwazo kingine kimo chumbani. Simu mara nyingi ni ya mume, na katika nyumba ya kupanga mama mkwe yu hatua mbili tu kutoka hapo. Nani atataja kwa sauti mimba iliyoharibika, au kipigo? Mkunga mwerevu huuliza maswali yanayojibika kwa "ndiyo" au "la", na huanza kwa kuuliza nani anasikiliza.

Kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa huku macho yakiona ukungu, degedege, homa kali, au mtoto kuacha kucheza si mambo ya kujadiliwa kwa simu. Mama hupelekwa hospitalini mara moja, na simu hupigwa kuwaarifu wahudumu kwamba yuko njiani.